Ufuatiliaji wa mawasiliano na haki za raia katika sheria za ugaidi Tanzania

Ufuatiliaji wa mawasiliano katika sheria za ugaidi ni mamlaka ambayo sheria za Tanzania zinawapa polisi na vyombo vingine vya usalama kusikiliza, kunasa, kuhifadhi au kudai taarifa za mawasiliano ya watu kwa lengo la kuzuia ugaidi au kupata ushahidi wa makosa ya ugaidi. Mamlaka hayo yanagusa moja kwa moja haki ya faragha na uhuru wa mawasiliano, ambazo zinalindwa na ibara za 16 na 18 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977.

Karibu kila nchi inakubali kwamba serikali inaweza kufuatilia simu ya mtu anayepanga kulipua bomu. Ubishi wa kisheria uko katika maswali mengine: nani aombwe ruhusa kabla simu haijafuatiliwa, ruhusa hiyo idumu kwa muda gani, nani akague kazi hiyo baadaye, na mtu aliyefuatiliwa bila sababu aende wapi kudai haki yake. Nchini Tanzania majibu hayapatikani katika sheria moja. Yamegawanyika katika sheria kadhaa zenye masharti tofauti.

## Historia

Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwa wakati mmoja katika balozi za Marekani mjini Dar es Salaam na Nairobi. Watu 11 walikufa Dar es Salaam, na zaidi ya 200 walikufa Nairobi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1373 la tarehe 28 Septemba 2001, lililozitaka nchi wanachama zote kutunga sheria dhidi ya ugaidi na ufadhili wake.

Tanzania ilitekeleza wito huo kwa kutunga *Sheria ya Kuzuia Ugaidi* ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2003. Sheria hiyo inatumika Tanzania Bara na Zanzibar.

Katika miaka iliyofuata nchi ilipata mashambulizi mengine, yakiwemo milipuko ya mabomu jijini Arusha mwaka 2013, mauaji ya viongozi wa vijiji na askari polisi katika wilaya za Kibiti, Mkuranga na Rufiji, na uvamizi wa kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara mnamo Oktoba 2020 uliofanywa na wapiganaji kutoka Msumbiji. Matukio hayo ndiyo hoja kuu ya wanaotaka vyombo vya usalama viwe na mamlaka mapana: mipango ya mashambulizi hufanywa kwa siri na kwa simu, na polisi wanaosubiri hadi kosa litendeke huwa wamechelewa.

## Msingi wa kikatiba

Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kulindwa nafsi yake, maisha yake binafsi na ya familia yake, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi. Ibara hiyohiyo inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kisheria unaoeleza hali, namna na kiasi ambacho haki hiyo inaweza kuingiliwa. Ibara ya 18 inaongeza uhuru wa kuwasiliana na kinga ya kutoingiliwa katika mawasiliano. Tanzania pia imejiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao ibara yake ya 17 inakataza kuingilia faragha ya mtu kiholela au kinyume cha sheria.

Haki hizo zina mipaka. Ibara ya 30 ya Katiba inaruhusu sheria kuzipunguza kwa ajili ya ulinzi, usalama wa jamii, amani na maslahi ya umma. Mahakama ya Rufani ilieleza kipimo cha sheria za namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika kesi ya *Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Daudi Pete*, iliyohusu dhamana, na tena katika kesi ya *Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali*. Kwa mujibu wa kesi hizo, sheria inayobana haki ya msingi inapaswa kutimiza masharti mawili:

* isiwe ya kiholela, yaani iwe na kinga za kutosha dhidi ya matumizi mabaya ya mamlaka, na iwepo njia ya kupinga uamuzi uliotolewa;
* isibane haki kuliko inavyohitajika kufikia lengo halali. Sheria iliyo pana kiasi cha kuwakumba hata watu wasiolengwa haikidhi sharti hili.

Kesi hizo hazikuhusu simu, lakini kipimo chake ndicho kinachotumiwa pia kupima sheria za ufuatiliaji.

## Sheria zinazohusika

### Sheria ya Kuzuia Ugaidi

Kifungu cha 31 cha sheria hii kinaruhusu polisi kuomba amri ya mahakama ya kunasa mawasiliano. Kabla ya kwenda mahakamani, afisa wa polisi lazima apate idhini ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mahakama ikiridhika, inaweza kuiamuru kampuni ya mawasiliano inase na kutunza mawasiliano yaliyotajwa, au kumruhusu afisa aingie mahali fulani na kuweka kifaa cha kunasia. Yanayopatikana kwa njia hiyo yanaweza kutumika kama ushahidi.

Kwa hiyo mtu hawezi kufuatiliwa chini ya kifungu hiki bila ofisi tatu kuhusika: polisi wanaoomba, Mwanasheria Mkuu anayeidhinisha na mahakama inayoamua. Udhaifu wake ni kwamba ombi husikilizwa upande mmoja, kwa kuwa mlengwa hawezi kuarifiwa mapema bila kuharibu upelelezi. Katika baadhi ya nchi za Ulaya mlengwa hujulishwa baada ya upelelezi kumalizika, isipokuwa kukiwa na sababu ya kuendelea kuficha.

Sheria hiyo pia inamruhusu afisa wa polisi kufanya upekuzi bila hati katika hali ya dharura, pale ambapo kusubiri idhini kungehatarisha usalama wa watu.

### Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa

Idara ya Usalama wa Taifa inaendeshwa chini ya sheria ya mwaka 1996, inayoiruhusu kukusanya habari kuhusu matishio kwa usalama kwa kiasi kinachohitajika. Kifungu cha 5 kinaweka mpaka wa wazi: idara hairuhusiwi kumfuatilia mtu kwa sababu tu ameshiriki maandamano halali au ana maoni yanayopingana na serikali. Marekebisho ya mwaka 2023 yaliiweka idara moja kwa moja chini ya Rais na kuwapa maofisa wake kinga dhidi ya mashtaka kwa vitendo vya kikazi. Wakosoaji walisema kinga hiyo inadhoofisha mpaka uliowekwa na kifungu cha 5, kwa kuwa katazo lisilo na wa kuwajibishwa linabaki kwenye karatasi.

### Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta

Sheria hii ya mwaka 2010 inazitaka kampuni za simu kutunza siri za wateja na inafanya kuwa kosa kunasa mawasiliano bila mamlaka halali. Wakati huohuo ilifanya usajili wa laini za simu kuwa wa lazima. Kuanzia Mei 2019 usajili ulifanywa kwa alama za vidole zinazolinganishwa na kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA). Muda wa mwisho ulisogezwa kutoka tarehe 31 Desemba 2019 hadi tarehe 20 Januari 2020, kisha laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa.

Usajili wenyewe hausikilizi simu ya mtu, ila unaifunga kila namba na mtu mmoja anayejulikana. Tangu hapo, anayepata kumbukumbu za namba anapata pia kumbukumbu za mwenye namba: alipo, anaowasiliana nao na fedha anazotuma.

### Sheria ya Makosa ya Mtandao

Sheria hii ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2015. Haikutungwa mahususi kwa ajili ya ugaidi, lakini inaweza kutumika katika upelelezi wa aina nyingi za makosa. Kifungu cha 32 kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi, au afisa wa cheo kinacholingana, kutoa amri ya kumtaka mtu au kampuni kukabidhi taarifa zinazohitajika katika upelelezi. Amri hiyo haipiti kwa hakimu wala kwa Mwanasheria Mkuu.

Tofauti na kifungu cha 31 cha Sheria ya Kuzuia Ugaidi ni kubwa. Kusikiliza maongezi kunahitaji mahakama, lakini kudai taarifa zilizokwisha kuhifadhiwa kunaweza kuidhinishwa na polisi wenyewe. Zamani tofauti hiyo ilikuwa na mantiki, kwa sababu kumbukumbu za simu zilionyesha mambo machache. Leo kumbukumbu za miezi michache zinaweza kueleza safari, urafiki, ugonjwa, imani na biashara ya mtu kuliko maongezi ya saa moja.

Kampuni ya Jamii Media, inayoendesha jukwaa la JamiiForums, ilipinga kifungu hicho mahakamani baada ya polisi kuitaka itoe taarifa za watumiaji wake. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilikataa hoja zake na kifungu kikaendelea kutumika.

### Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, iliunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Inazitaka taasisi kukusanya taarifa kwa lengo lililotajwa na kutozitumia kwa mambo mengine. Hata hivyo ina misamaha kwa ajili ya usalama wa taifa na upelelezi wa makosa, hivyo kinga yake hupungua katika eneo ambalo ufuatiliaji hufanyika zaidi. Mnamo Mei 2024 Mahakama Kuu iliona kwamba baadhi ya vifungu vyake havieleweki vya kutosha na kuelekeza virekebishwe.

## Matumizi na malalamiko

Mashtaka ya ugaidi yana uzito wa pekee kwa sababu mshtakiwa hapati dhamana. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilithibitisha uhalali wa kifungu cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai kinachozuia dhamana kwa makosa kadhaa. Kwa hiyo, taarifa za simu zilizosomwa vibaya zinaweza kumgharimu mtu miezi au miaka gerezani kabla ya hukumu.

Viongozi wa Jumuiya ya Uamsho na Mihadhara ya Kiislamu ya Zanzibar walikaa mahabusu kwa miaka kadhaa wakikabiliwa na mashtaka ya ugaidi, hadi Mkurugenzi wa Mashtaka alipoyaondoa Juni 2021. Mwezi uliofuata, Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha CHADEMA, alikamatwa jijini Mwanza na kushtakiwa pamoja na wenzake watatu kwa makosa yanayohusu ugaidi. Katika kesi hiyo taarifa za miamala ya fedha kwa simu zilitolewa kama ushahidi. Mashtaka yaliondolewa tarehe 4 Machi 2022. Kwa kuwa kesi zote mbili ziliisha bila hukumu, hakuna mahakama iliyotamka kama washtakiwa walikuwa na hatia.

Mwaka 2024 gazeti la Uingereza *The Guardian* liliripoti madai yaliyotolewa katika baraza la kazi mjini London, kwamba kampuni ya simu ya Tigo iliipa serikali taarifa za simu na za mahali alipokuwa mwanasiasa Tundu Lissu katika wiki zilizotangulia shambulio la risasi dhidi yake mjini Dodoma, tarehe 7 Septemba 2017. Madai hayo yalirudisha mjadala kuhusu taarifa zinazotoka katika kampuni za simu bila mwenye namba wala mahakama kujua.

Kikwazo kingine kiko katika kufungua kesi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayepinga sheria kwa msingi wa haki za binadamu aonyeshe jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Mtu aliyefuatiliwa kwa siri ni vigumu kutimiza sharti hilo, kwa sababu hajui kwamba alifuatiliwa.

## Hali katika mipaka ya Kigoma

Uzito wa sheria hizi haufanani kila mahali. Katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, yaani Heru Juu na maeneo mengine ya Kasulu na Kibondo, wakazi wengi wana jamaa na washirika wa biashara nchini Burundi, na Kiha kinafanana sana na Kirundi. Wabunge wa mkoa huo wamelalamika mara nyingi kwamba Waha huhojiwa kuhusu uraia wao kuliko wananchi wa mikoa ya ndani. Tangu laini ya simu ilipofungwa na namba ya NIDA, shaka kuhusu uraia imekuwa pia shaka kuhusu simu: asiye na namba hiyo hupata shida kusajili laini, na bila laini hana njia ya kutuma wala kupokea fedha kwa simu.

Mkoa huo pia umepokea wakimbizi kwa miongo mingi. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita nchini Kongo. Baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 ilipokea Warundi wengi, na kambi ya Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa tena. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inawataka wakimbizi kuishi katika maeneo yaliyotengwa na kutotoka bila kibali. Nayo Sheria ya Kuzuia Ugaidi inampa waziri mamlaka ya kukataa ombi la ukimbizi la mtu anayeshukiwa kwa msingi wa kuridhisha kuhusika na ugaidi.

Serikali imeeleza mara kwa mara hofu kwamba silaha na wapiganaji huweza kupita katika kambi. Kwa upande mwingine, ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya Novemba 2020 ilisema kwamba polisi na maofisa usalama waliwakamata na kuwatesa Warundi kadhaa tangu mwishoni mwa mwaka 2019, baadhi wakishikiliwa katika kituo cha polisi cha Kibondo na kutuhumiwa kushirikiana na vikundi vyenye silaha. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, baadhi yao walikabidhiwa kwa serikali ya Burundi.

Mfano rahisi unaonyesha kwa nini idhini ya mahakama ina maana zaidi mpakani. Mfanyabiashara wa maharage wa Heru Juu anayepigiana simu kila wiki na namba za Burundi, na kutuma fedha kwa watu kadhaa walio karibu na kambi, ataonekana katika kumbukumbu za simu sawasawa na mtu anayefadhili kikundi cha waasi. Kumbukumbu peke yake haziwezi kuwatofautisha. Hakimu anayemtaka afisa wa polisi aeleze sababu nyingine ya shaka, zaidi ya namba za ng'ambo, anamlinda mfanyabiashara huyo, na pia anawaokoa polisi na kupoteza muda kwa mtu asiyehusika.

## Ulinganisho na nchi jirani

### Kenya

Kenya ilitunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2012, inayotaka amri ya Mahakama Kuu ili kunasa mawasiliano. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, lililoua watu 67, na mengine yaliyofuata, bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama ya mwaka 2014. Sheria hiyo iliviruhusu vyombo vya usalama wa taifa kunasa mawasiliano ili kugundua na kuzuia ugaidi, na pia iliweka ukomo wa wakimbizi 150,000 kwa nchi nzima.

Muungano wa upinzani wa CORD na wengine walikwenda mahakamani. Tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walifuta vifungu 8, vikiwemo ukomo wa wakimbizi na vikwazo kwa vyombo vya habari. Kifungu cha kunasa mawasiliano kilibaki: majaji waliona kwamba kinabana faragha, lakini kwa sababu inayokubalika kutokana na hali ya ugaidi nchini.

### Uganda

Nchini Uganda mswada wa kunasa mawasiliano ulikuwa umesubiri bungeni tangu mwaka 2007. Ulipitishwa siku chache baada ya mabomu ya Kampala ya tarehe 11 Julai 2010, yaliyoua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Sheria hiyo inataka hati ya jaji. Lakini Sheria ya Kupambana na Ugaidi ya mwaka 2002 inamruhusu waziri kumteua afisa wa kunasa mawasiliano ya washukiwa bila kupitia kwa jaji. Kama ilivyo Tanzania, njia yenye masharti magumu iko sambamba na nyingine yenye masharti mepesi.

## Mapendekezo katika mjadala

Wanasheria na watetezi wa haki za binadamu wanaoandika kuhusu suala hili hupendekeza mambo yafuatayo:

* idhini ya mahakama itakiwe pia kwa kumbukumbu za simu, mahali na miamala, kama inavyotakiwa kwa kusikiliza maongezi;
* katika dharura polisi waruhusiwe kuanza bila amri, kwa sharti la kwenda mahakamani ndani ya muda mfupi uliotajwa;
* chombo huru kikague maombi yote na kutoa kila mwaka idadi ya yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, bila kutaja majina;
* mtu aliyefuatiliwa ajulishwe upelelezi ukiisha, ili aweze kudai haki yake;
* taarifa zisizohitajika tena zifutwe.

Wanaopinga wanasema masharti mengi yatachelewesha kazi, na kwamba majaji hawana ujuzi wa masuala ya usalama. Wanaounga mkono hujibu kwamba sharti la kwenda mahakamani liko tayari katika kifungu cha 31 tangu mwaka 2002 kwa makosa mazito kuliko yote, hivyo si jambo geni katika sheria za Tanzania. Wanachotaka ni sharti hilo litumike katika njia zote ambazo taarifa za mtu zinaweza kuchukuliwa.

## Tazama pia

* Haki za binadamu
* Faragha
* Katiba ya Tanzania
* Ugaidi
* Mkoa wa Kigoma
* Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu